Ukuta umeanguka saiti: ukadai bima au umbane mkandarasi? Ulinganisho kwa anayejenga

Kila masika simu yangu inaita kwa swali lile lile. Ukuta umelala, au slebu imepasuka, au stoo imevunjwa usiku na nondo zimeondoka, sasa niende bima au nimbane mkandarasi? Na anayeuliza ana hasira mana ameshaweka milioni zake pale, mkandarasi hapokei simu, na bima wamemwambia alete makaratasi ambayo hata hayajui. Mimi ni broka wa bima hapa Dar, kazi yangu ni kumsimamia mteja anapodai, kwa hiyo nimesimama kwenye vifusi vingi sana, na nimeona watu wakipoteza haki zao kwa kuchagua njia moja wakaisahau nyingine mpaka muda ukapita. Naomba niziweke sambamba uone kila moja inalipa nini, inataka nini kwako, na ni wapi inakuangusha.

Kwanza ulijue hili. Bima inalipa ajali, mkandarasi analipa kazi mbovu. Ukisikia hivo unaona rahisi, shida ni kwamba kwenye saiti zetu hivi vitu viwili vinakuja vimeshikana, mvua inanyesha (hiyo ni ajali) inakuta ukuta umejengwa vibaya (hiyo ni ya mkandarasi), na hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Nikupe mfano wa Goba. Dada mmoja muuguzi, kiwanja cha mteremko, anajenga kwa mkopo wa benki, na benki wakamtaka akate ile bima ya ujenzi inayoitwa CAR, yaani bima ya hatari zote za mkandarasi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta wa kuzuia udongo. Usiku mmoja wa Aprili mvua ikapiga mpaka alfajiri, ukuta ukaondoka wote, ukaangukia stoo ya saruji na vigae, na sehemu ya juu ikabiringika mpaka kwa jirani ikaikuta Noah yake imepaki. Alinipigia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, analia. Nikamwambia mambo matatu tu, usiondoe kifusi, piga picha kila upande, na niandikie meseji sasa hivi ili nipeleke notisi kampuni ya bima leo leo.

Siku ya tatu akaja mkadiria hasara, wengi tunamwita asesa. Mzee mtulivu, hakuongea sana. Akachomoa kipande cha nondo kwenye kifusi akakipima, akaandika. Akaokota donge la zege akalisugua kwa vidole likamwagika kama mchanga, akaandika. Alafu akazunguka anatafuta kitu, kumbe anatafuta matundu, yale mabomba madogo yanayopitishwa kwenye ukuta wa aina hiyo ili maji ya nyuma yatoke, mana yasipotoka yanajaa yanausukuma ukuta. Hakuona hata moja. Akasema naomba ramani. Yule dada akamletea, mzee akaifungua juu ya boneti ya gari, akapitisha kidole mpaka kwenye mchoro wa ukuta, na pale pakawa pameandikwa wazi, bomba kila mita moja na nusu.

Mimi nilishusha pumzi. Mkandarasi yule alipauka kidogo.

Kwa nini nilishusha pumzi? Kwa sababu mkataba wa CAR unaotumiwa na kampuni nyingi huku kwetu unafuata maneno ya Munich Re, kampuni ya Ujerumani inayozikatia bima kampuni za bima, na maneno yale yanatofautisha vizuri sana kati ya mchoro mbovu na kazi mbovu. Kama mchoro wenyewe haukuwa na matundu, hasara imetokana na usanifu mbovu, na hiyo kwenye kava ya kawaida imeondolewa yote, hulipwi ukuta, hulipwi stoo, labda kama ulinunua nyongeza ya kifungu cha usanifu. Lakini kama mchoro uko sawa na fundi ndo hakufuata, bima hawalipi kile kilichojengwa vibaya chenyewe, ila wanalipa vitu vingine vilivyojengwa sawasawa ambavyo vimeharibiwa na hiyo ajali. Kwa hiyo karatasi moja tu iliamua. Ukuta wa milioni 14, hawakulipa. Stoo na vifaa vya milioni 9, walilipa wakakata eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 10, akapata milioni 8 na laki 1. Noah ya jirani ikaenda kwenye sehemu ya pili ya CAR, ile ya madhara kwa watu wengine, jirani akatengenezewa gari na wakabaki kusalimiana.

Yule dada alivyosikia ukuta haulipwi alinikasirikia mimi, na simlaumu. Nikamwambia huo ukuta haujapotea, unahama tu dirisha, sasa tunaenda kwa mkandarasi.

Kilichomsaidia kwa mkandarasi

Alikuwa na mkataba ulioandikwa, una BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), na una kifungu cha zuio, kwamba kila malipo anabakiza asilimia 10 mkononi mpaka kazi iishe na kipindi cha matazamio, ile miezi ya kuangalia kasoro, kipite. Mkandarasi alikuwa amesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, daraja la saba, ana cheti. Tukaandika barua ya kurasa mbili, ikataja tarehe, ikataja mchoro, ikambandikia picha za kifusi, ikampa siku 14 aanze kujenga upya kwa gharama zake, la sivyo pesa ya zuio inatumika kumlipa mtu mwingine na kilichozidi anadaiwa, na nakala ya malalamiko inaenda bodi. Alianza siku ya 9.

Sasa linganisha. Kwa bima, mzigo wa kwanza wa yule dada ulikuwa kuonyesha kwamba hasara imetokea ndani ya kipindi cha kava na ni ya ghafla, basi, baada ya hapo bima wakisema hiki kimeondolewa wao ndo wanatakiwa waonyeshe kifungu. Kwa mkandarasi mzigo wote ni wako, uonyeshe mlikubaliana nini, hakufanya nini, na umepoteza kiasi gani. Ndo mana mtu mwenye ramani, BOQ na mkataba anaweza kwenda njia zote mbili kifua mbele, na asiye navyo anaishia kuomba huruma kote kote.

Na hapa niseme kuhusu fundi maiko, yule fundi wa mtaani asiyesajiliwa, mana najua nusu ya mnaosoma mmejenga naye. Mimi sikutukani, najua hali. Ila ujue unachokiacha. Makubaliano ya mdomo kisheria ni makubaliano, na meseji za WhatsApp pamoja na zile za M-Pesa ulizomtumia zinaweza kupokelewa kama ushahidi tangu ile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo usizifute, na ukiwa unamuagiza kitu muagize kwa maandishi hata kama yuko mita tano mbele yako, "fundi weka bomba kila mita moja na nusu kama ramani inavyosema", hiyo meseji moja ina thamani kubwa. Shida ni kwamba hata ukishinda, unamkamata nini? Hana zuio, hana dhamana, hana bodi ya kumuogopesha, amehamia Kibaha na namba amebadilisha. Kwa mtu wa namna hiyo bima ndo njia pekee yenye pesa ndani yake, na bado bima nao wengine wanaweka sharti kwamba kazi iwe inasimamiwa na mtu aliyesajiliwa, ukivunja hilo sharti umejifungia na mlango wa pili.

Muda, hapa ndo wengi wanapoangukia

Kwa bima muda ni mfupi mno. Kwenye maneno yale ya Munich Re taarifa isipofika ndani ya siku 14 tangu hasara itokee, hawawajibiki. Siku 14! Mtu anakaa wiki tatu anabembelezana na mkandarasi, "bosi nipe muda nitarekebisha", mwisho mkandarasi anazima simu, ndo anakumbuka ana bima. Kama ni wizi, polisi unaenda siku hiyo hiyo ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Na ukikataliwa angalia kama mkataba wako una kile kifungu kinachosema ukikataliwa usipofungua shauri ndani ya miezi 3 basi haki yako imekwisha, usiwe unaandika barua za kuomba wafikirie upya mwezi wa nne ukadhani unaendelea na madai.

Kwa mkandarasi muda ni mrefu zaidi ila una ngazi zake. Kipindi cha matazamio mara nyingi ni miezi 6 au 12 tangu makabidhiano, ndani yake anarudi kurekebisha bila kelele nyingi na zuio lake liko kwako. Kikipita hujapoteza haki, sheria ya ukomo ya Tanzania inakupa miaka 6 kwenye madai ya mkataba, na Kenya nao ni miaka 6 hiyo hiyo, lakini madai ya uzembe nje ya mkataba ni miaka 3 tu, kwa mfano jirani ambaye hana mkataba na mkandarasi wako. Kwa miradi mikubwa inayotumia FIDIC, ile mikataba ya ujenzi ya kimataifa, mambo yanakaza zaidi, toleo la 1999 mkandarasi anayetaka muda au pesa ya ziada lazima atoe notisi ndani ya siku 28, asipotoa amepoteza, na toleo la 2017 likaweka siku 28 hizo hizo kwa pande zote mbili, hata mwenye mradi naye. Nimeona mkandarasi ana madai halali kabisa ya mvua na kuchelewa kwa michoro, akaja nayo mwezi wa tano tangu tukio, yameliwa na kalenda.

Ushauri wangu, na huu nausema kwa kila mteja: usichague kwanza. Toa notisi kote kote ndani ya wiki ya kwanza. Bima wape taarifa, mkandarasi muandikie, alafu ndo ukae uone chanzo ni nini. Notisi haikugharimu chochote.

Ile barua ya "hatudaiani"

Turudi Goba kidogo. Mkandarasi alivyomaliza ukuta akamletea yule dada barua asaini, imeandikwa kwamba pande zote zimeridhika na hakuna anayemdai mwenzie chochote kuhusu tukio la Aprili. Yeye alikuwa na kalamu mkononi, ila bahati nzuri akanipigia picha akanitumia kwanza. Nikamwambia weka kalamu chini.

Sababu ni hii. Bima wakikulipa wanavaa viatu vyako, yaani ile haki yako ya kumdai aliyesababisha hasara inahamia kwao, wanaweza kwenda kwa mkandarasi wakamwambia rudisha ile milioni 8 na pesa ya Noah. Ukisaini kwamba humdai kitu umewaharibia hiyo haki, na wao wanaweza kukugeukia wewe au wakagoma kulipa kilichobaki. Watu wengi wema wanafanya kosa hili kwa roho nzuri, amemsamehe fundi mbele ya wazee, kumbe amesamehe na pesa isiyokuwa ya kwake. Tukairekebisha ile barua ikasema tu kwamba ukuta umejengwa upya na umepokelewa, basi.

Ila kuna kitu hapa mkandarasi anayesoma akielewe. Kava ya yule dada ilikuwa na jina lake na la benki tu, ndo mana bima wangeweza kumgeukia mkandarasi. Kama ingeandikwa majina yao wote wawili, mwenye mradi na mkandarasi, mkandarasi naye anakuwa mteja wa bima hiyo hiyo na kampuni haiwezi kulipa kwa mkono huu ikamdai kwa mkono mwingine. Kwa mwenye nyumba na kwa mkandarasi, kuandika majina yote mawili tangu mwanzo kunapunguza ugomvi sana, na wengi hawaulizi hata nani anaandikwa.

Na vocha ya mwisho ya bima, ile dischaji vocha unayosaini kukiri umelipwa, isome kabla ya kusaini. Ikisema malipo haya ni kamili na ya mwisho, na wewe bado una hasara ambayo haijahesabiwa, andika pale pale kwamba unapokea sehemu tu.

Pesa unayopata ni kiasi gani

Bima hawakupi zaidi ya ulichopoteza na mara nyingi wanakupa pungufu kwa sababu ulikata kava ndogo. Mteja wangu mmoja alikuwa na nyumba ya milioni 120, akaikatia kava ya milioni 60 ili ada iwe ndogo, moto ukachoma paa na chumba kimoja hasara milioni 20, yeye anajua kava ni 60 na hasara ni 20 kwa hiyo inatosha. Akalipwa milioni 10, kabla hata ya eksesi. Kwa sababu alikata nusu ya thamani, analipwa nusu ya hasara, na nusu nyingine anahesabiwa kwamba alijibebea mwenyewe. Alilia haki imeibiwa, ila kifungu kilikuwemo na hakuna aliyemsomea, na hilo ndo linaniuma, mana aliyemuuzia angetumia dakika mbili tu.

Wizi nao una mstari wake. Stoo imevunjwa, kufuli limekatwa, RB ipo, hiyo inalipika kama vifaa vilikuwa ndani ya thamani uliyokata. Lakini ukihesabu saruji Jumamosi ukakuta mifuko 40 imepungua na hakuna mlango uliovunjwa, CAR haikupi kitu, upungufu unaogunduliwa kwenye kuhesabu stoo umeondolewa. Huo unarudi kwa mkandarasi au mlinzi, na hapo rejista ya kupokea na kutoa vifaa ndo shahidi wako.

Kwa mkandarasi unaweza kudai zaidi, gharama za kurekebisha pamoja na kuchelewa, kodi unayolipa unapopanga, kama mkataba una fidia ya kuchelewa kwa siku. Bima ya CAR ya kawaida haigusi kuchelewa kabisa. Kwa hiyo kwa karatasi mkandarasi anakulipa vingi, kwa mfukoni bima ndo wenye uhakika wa kuwa nazo. Ndo mana kwenye kazi kubwa omba dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki au bima kukulipa mkandarasi asipotimiza kazi, kawaida ni asilimia 10 ya mkataba, na soma kama inalipika kwa kuiita tu au mpaka uthibitishe kosa, hizo mbili ni tofauti kama usiku na mchana siku mkandarasi akitoroka saiti.

Mkigombana, mnaenda wapi

Na bima: unaanza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, ikishindikana kuna TIRA, mamlaka ya serikali ambayo ndo wasimamizi wa bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, unaenda mwenyewe na makaratasi yako bila wakili. Kwa madai ya nyumba ya mtu wa kawaida naipendelea hii kuliko mahakama mara kumi. Ila kabla ya yote hakiki kava yako kwenye mfumo wa TIRA MIS siku ulipoikata, usisubiri moto ndo ugundue namba haipo.

Na mkandarasi: angalia mkataba una kifungu cha usuluhishi au hauna. Ikiwa kimo, ukikimbilia mahakamani mwenzako anaomba kesi isimame mrudi kwenye usuluhishi, na umepoteza muda na ada ya wakili. Usuluhishi chini ya sheria ya 2020, au kupitia Baraza la Taifa la Ujenzi, una uzuri wake, anayeamua anaijua zege na anaelewa cheti cha malipo bila kufundishwa. Ubaya ni kwamba mahakamani jaji analipwa na serikali, huku mwamuzi mnamlipa nyie. Kwa mgogoro wa milioni 14 kama wa ukuta wa Goba, gharama za usuluhishi zingekula robo ya ukuta, ndo mana tulitumia zuio na barua. Kwa mgogoro wa bilioni ni hesabu nyingine. Na kuhusu CRB kumbuka vizuri, wao wanaweza kumuadhibu mkandarasi, pesa yako hawakurudishii, ila ile hofu peke yake inafungua mazungumzo. Ndugu zetu wa Kenya wana kitu ninachokitamani, mahakama ya madai madogo mpaka shilingi milioni moja ya kwao, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, kwa fundi aliyekula advansi ni dawa kabisa.

Jengo la watu wengi

Jengo la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na maduka ya watu ndani. Mfanyabiashara mwenye mzigo pale anajiuliza, namdai mwenye jengo au bima yangu? Wengi walio na bima ya duka wana ya moto, na bima ya moto ya kawaida haijumuishi jengo kuporomoka lenyewe mpaka uwe umeongeza hicho kifungu. Kaitoe yako leo usome. Majengo ya biashara na masoko ya umma yaliingizwa kwenye bima za lazima na sheria ya fedha ya 2022, mwaka mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 2021, lakini usidhani bima ya mwenye jengo ni ya mzigo wako, hiyo ni ya jengo lake. Na kama kuna uchimbaji kiwanja cha pembeni, nyufa za kwako zinazotokana na mtikisiko au udongo kuondolewa hazimo kwenye CAR ya jirani mpaka wawe wamenunua nyongeza yake, na nyongeza yenyewe inataka hali ya jengo lako iwe imekaguliwa kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo ukiona greda limefika kwa jirani, piga picha kuta zako zote siku hiyo, na gazeti la tarehe ya leo lionekane.

Kibarua akiumia hayo ni mengine kabisa, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hakikisha mkandarasi amesajili watu wake huko, usije ukajikuta wewe ndo unakimbizana na bili ya Muhimbili.

Hili la kuhamia nyumba haijaisha

Hapa ndo desturi yetu ya ujenzi na mikataba hii ya bima haviendani. Tunajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, na tukipata vyumba viwili vyenye bati na milango tunahamia ili tuache kulipa kodi. CAR imeandikwa kwa mtu anayejenga mfululizo. Kazi ikisimama, hasara inayotokana na kusimama huko imeondolewa, na sehemu ya nyumba ukishaanza kuitumia, kava yake kwa sehemu hiyo imeishia hapo. Kwa hiyo anayejenga kwa vipande ada yake ya CAR anaweza kuwa anailipia hewa, na kwake yeye naona bora anunue kava fupi ya miezi ile anayofanya kazi kubwa, kupandisha kuta, slebu na paa, alafu nguvu nyingine aiweke kwenye mkataba mzuri na zuio.

Yule dada wa Goba alinipigia Novemba, finishing bado jikoni na chumba kimoja, ila mwenye nyumba wake amempandishia kodi na gari la kuhamishia limeshafika mlangoni. Nikamwambia nipe siku mbili. Bima ya nyumba, ya moto pamoja na mafuriko na tetemeko, ilikuwa inaanza Jumatatu, na ile CAR tukaiandikia kampuni ibaki kwa jiko na kile chumba tu. Vitu vikabaki kwenye gari uani kwa dada yake Tabata, na yeye akalala huko Jumamosi na Jumapili.